SOMO: El au la? Namna ya kushika jinsia ya maneno ya Kihispania

Nimechoka kujibu swali hili inboksi, kwa hiyo naliweka hapa. El ni kineno kinachotangulia nomino za kiume, la ni cha za kike.

1. Neno likiishia -o, mara nyingi ni el (el libro). Likiishia -a, ni la (la mesa). La mano utalikariri.

2. -ción na -dad: la. La canción, la ciudad.

3. Yenye -ma yaliyotoka Kigiriki ni el: el problema, el clima, el idioma. La cama na la crema hayamo.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Usiandike daftarini "leche: maziwa". Andika "la leche" na ulitamke kwa pumzi moja, kama neno moja. Watafiti Lew-Williams na Fernald walichapisha utafiti mwaka 2007 kuhusu watoto wa miaka kama mitatu wanaokua na Kihispania. Mtoto anatazama picha mbili, anasikia "Encuentra la pelota", yaani tafuta mpira. Picha ya pili ikiwa ya kitu cha el, tuseme kiatu, macho yanawahi kwenye mpira kuliko zikiwa zote mbili za la. Ile "la" imeshampa jibu. Watu wazima waliozaliwa na lugha hiyo wako vilevile. Waliojifunza ukubwani, katika utafiti wao wa 2010, hawakufaidika na "la" hata kwa maneno waliyoyafahamu vizuri.
ONYO: usikariri orodha ya nomino ukidhani el na la utazipachika baadaye. Hazishiki.
ONYO: usitafute uke au uume ndani ya kitu. La víctima (mwathirika) ni la hata akiwa babu yako.

5. Ongeza kivumishi, nacho kifuate jinsia: la leche fría (maziwa baridi), si frío.

MASWALI

Kijana wa Moro: Mkuu, kwa hiyo leche ni el au la?
— Hatua ya 4. Soma polepole.

Mpenda Lugha: Naomba PDF ya maneno yote.
— Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Soma onyo la kwanza.

Mama Zai: Mwalimu, mbona ni el agua (maji)?
— Swali zuri, dada. Agua ni la kike. El inaingia kwa sababu neno linaanza na "a" yenye mkazo. Kivumishi ndicho kinachoumbua: el agua fría. Kwenye wingi, las aguas.

Bin Seif: Sisi tuna ngeli. Mtu akisema "nipe kile...", mkono umeshaelekea kisu, si sahani. Kwa nini Kihispania kitushinde?
— Umegonga penyewe. Ila ki- ya kisu imeng'ang'ania neno lenyewe. Leche halikuonyeshi kitu. Na watoto hawaangalii maana sana: mtafiti Pérez-Pereira (1991) aliwapa wa miaka 4 hadi 11 maneno ya kubuni, wakafuata zaidi mwisho wa neno na maneno yanayoandamana nalo kuliko jinsia ya kiumbe kwenye picha.

Fundi Pikipiki: Nyongeza: la moto na la foto ni vifupisho vya motocicleta na fotografía.
— Asante, fundi. Radio nalo: Hispania la radio, Meksiko utasikia sana el radio.

Kijana wa Moro: Na día (siku)? Linaishia -a.
— Asubuhi unasalimiaje?
Kijana wa Moro: Buenos días.
— Na usiku?
Kijana wa Moro: Buenas noches... aaah, kumbe!