Mkahawa mmoja unanyauka? Inama ukague shina

Wakuu wa Moshi, ukiona mkahawa mmoja kihambani (shamba la nyumbani) majani yanakuwa njano na mingine iko freshi tu usikimbilie mbolea, inama uangalie shina chini karibu na udongo. Ukikuta kama maranda ya fundi yamemwagika pale huyo ni bungua mweupe, mdudu anayetoboa mikahawa, funza wake anakula kuzunguka shina chini ya gome halafu anazama ndani mpaka mizizini huko. Tundu la duara safi kabisa? Umechelewa, keshatoka mdudu mkubwa, kijivu-nyeupe hivi, kama sentimita 3, dume antena zinapita mwili (kadudu kazuri kusema kweli). Tundu likiwa bado linatoa unga chomeka spoki ya baiskeli umtoboe humohumo. Mti ulioliwa sana ng'oa, choma.