Namna ya Kuyapa Majina na Kuyapanga Mafaili ya Michezo Tunayorekodi Mtandaoni

Ninatunza rekodi za kundi letu la wachezaji wa michezo ya video mtandaoni huku Katuba, Lubumbashi. Kila mchezo uliorekodiwa ni somo, kwa kuwa tukiutazama tena kwa utulivu tunaona ulinzi ulifunguka wapi na nani alichelewa kurudi nyuma. Hata hivyo, nimeshuhudia jioni nzima ikipotea huku watu wanne wakifungua mafaili thelathini, moja baada ya jingine, wakitafuta mchezo mmoja tu.

Hatua ya 1: Chagua aina ya faili kabla ya kufikiria jina. Ninarekodi kwa OBS Studio, programu isiyolipiwa. Zamani nilitumia MP4, aina ya faili la video, hadi usiku mmoja umeme ulipokatika mchezo ukikaribia kwisha, na faili halikufunguka tena, kwa sababu faili la MP4 la kawaida hukamilishwa rekodi inapofungwa. Aina nyingine, MKV, husomeka hata ikikatizwa ghafla, na OBS inaweza kuigeuza kuwa MP4 baadaye bila kupunguza ubora wa picha.

Hatua ya 2: Anza jina kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha saa. Ukianza na siku, kama tulivyozoea kuandika kwenye barua, tarehe 3 ya miezi yote itakusanyika pamoja na mpangilio wa wakati utavurugika. Saa iandikwe kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24: mchezo wa saa mbili na dakika kumi usiku ni 2010. Tena, kubalianeni mapema ni saa ya wapi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mchezo uleule ukirekodiwa huku na kule utapata majina mawili yanayotofautiana. Sisi tunaandika saa ya Lubumbashi daima, hata faili likitoka kwa mwenzetu wa Kinshasa.

Hatua ya 3: Ongeza mambo machache tu baada ya saa, yaani jina la mchezo wa video (kwetu eFootball, wa kandanda), mpinzani, matokeo na namba ya raundi. Mfano ni huu:

2025-03-14_2010_efootball_kinshasa_3-2_r02.mkv

Tumia herufi ndogo, na badala ya nafasi weka mstari wa chini. Matokeo yaandikwe 3-2, kwani Windows haikubali nuktambili katika jina la faili, wala alama ya kuuliza, nyota au mikwaju (/ na \). Raundi iandikwe 02, si 2, kwa sababu vifaa vingine hupanga 10 kabla ya 2. Mabao yetu hutangulia nyakati zote, hata tukishindwa.

Hatua ya 4: Badilisha jina usiku uleule, kabla ya kuzima kompyuta. Naisisitiza hatua hii kuliko zote, kwa maana OBS huweka tarehe na saa yenyewe, lakini mpinzani na matokeo yamo kichwani mwako tu, na kesho yake utakuwa umeanza kuyachanganya.

Hatua ya 5: Fungua folda moja kwa kila mwezi, kwa mfano 2025-03, na ndani yake folda ya kila mchezo wa video, kama efootball. Inatosha.

Hatua ya 6: Pima nafasi kabla ya kuhamisha. Video ya kilobiti 6000 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 2.7 kwa saa, hivyo rekodi ya saa mbili haitaingia kwenye flashi iliyopangiliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambayo haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Ipangilie upya flashi hiyo kwa exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa zaidi, baada ya kunakili kwingine vyote vilivyomo.

Kila mwisho wa mwezi mimi hukata vipande vinavyofundisha jambo, nikavipa jina la faili mama pamoja na dakika, kwa mfano _dk37 mwishoni, nikanakili kwenye diski ya nje, nikahakikisha vinafunguka, na hapo ndipo ninapofuta rekodi nzima.