"Save" ina maneno matatu: jinsi ninavyochagua neno la Kihispania

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa jedwali la maneno yasiyo na sentensi. Mteja alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za nyumbani. Safu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, ya pili tupu, nami niijaze kwa Kihispania. Neno "save" lilikuwemo mara 2. Nikaandika "guardar" kote, nikasonga mbele. Programu ilipotoka, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa sawa. Ila kichwa cha ukurasa wa akiba nacho kilisomeka "Guardar", na watu wakakibonyeza wakidhani wanahifadhi walichoandika. Pale palitakiwa "ahorrar". Kosa lilikuwa langu, maana sikumuuliza mteja neno hilo linakaa wapi.

Tangu siku hiyo sifungui kamusi ya Kihispania kabla sijaisema sentensi nzima kwa Kiswahili. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulichukue hapa. Wengi wetu tunajifunza Kihispania kupitia vitabu vya Kiingereza, basi tunasahau kwamba Kiswahili kimeshatenganisha mambo ambayo Kiingereza kimeyafunga kwenye neno moja. "Save" ya faili ni kuhifadhi: guardar. Ya fedha ni kuweka akiba: ahorrar. Ya maisha ya mtu ni kuokoa: salvar. Ukishajua ni kitenzi gani cha Kiswahili, nusu ya kazi imekwisha.

Jaribu na "ask". Mwanafunzi wa Kihispania anayefikiri kwa Kiingereza huandika "preguntar un favor", na ni kosa. Lakini kwa Kiswahili, nani anauliza msaada? Tunaomba msaada. Kuuliza ni preguntar, kuomba ni pedir, kwa hiyo ni "pedir un favor". "Play" nayo ni hivyo hivyo: mpira tunacheza, gitaa tunapiga, na Mhispania husema "jugar al fútbol" lakini "tocar la guitarra". "Letter" ya posta ni barua, yaani carta. Ya alfabeti ni herufi, yaani letra. "Free" ya bure ni gratis, ya huru ni libre. Hata "time", inayowasumbua wengi, inapungua ukali: saa ngapi, "qué hora", mara tatu, "tres veces", muda mrefu, "mucho tiempo". Angalia pia "right". Haki ni derecho, upande wa kulia ni derecha, jibu sahihi ni "respuesta correcta". Na unapomwambia mtu kwamba asemalo ni kweli, Kihispania husema "tienes razón", neno kwa neno "una sababu". Hapo hutafuti tena neno, unatafuta usemi mzima.

Sasa tahadhari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nimeona wenzangu wazuri wakiteleza. Kuna mahali Kiswahili hakikusaidii, kwani nacho kina neno moja tu na Kihispania kina mawili. Samaki ni samaki, awe baharini au mezani. Kwa Kihispania anayeogelea ni pez, na akishavuliwa ili aliwe ni pescado. Mguu ni mbaya zaidi: sehemu ya chini yenye vidole ni pie, mguu mzima wa mtu ni pierna, na mguu wa mnyama ni pata. Mguu wa meza? Pata pia. Hapo swali la kujiuliza ni: wa nani, au wa nini? Kwa "corner" jiulize umesimama wapi. Ukiwa ndani ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana ni rincón. Ukiwa nje, kwenye kona ya barabara, ni esquina.

Na kujua. Jambo, habari au ujuzi ni saber: "sé dónde vive", najua anakoishi; "sé nadar", najua kuogelea. Mtu, mahali au kitu ulichowahi kukutana nacho ni conocer: "conozco a tu hermano". Kanuni hiyo utaipata popote. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba wakati uliopita hubadilisha maana. "Conocí a María" mara nyingi humaanisha ndipo nilipokutana naye kwa mara ya kwanza, na "lo supe ayer" ni habari zilinifikia jana. Ukitafsiri hadithi, tofauti hiyo inaweza kubadili mfuatano wa matukio.

Ukishapata neno, tazama jinsia yake kabla hujaliandika. Si suala la sarufi tu. "La capital" ni mji mkuu, "el capital" ni mtaji. "El orden" ni mpangilio, "la orden" ni amri. Na "order" ya mnunuzi ni pedido. Nimewahi kupitia kazi ya mtu aliyechagua neno sahihi kabisa, kisha "el" badala ya "la" ikamharibia ukurasa mzima.

Halafu rudi kinyumenyume. Lichukue neno la Kihispania ulilochagua, litafute kwenye kamusi ya Kihispania kwa Kihispania, usome maana zake zote, si ile ya kwanza tu. Mimi hutumia kamusi ya Real Academia Española, chuo kilichoanzishwa 1713. Inasomwa bure kwenye intaneti. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni "spring". Majira ni primavera, chemchemi ya maji ni manantial, na springi ya chuma ni muelle. Ukilitafuta muelle utakuta ni gati la meli pia. Kama unatafsiri mwongozo wa mashine za bandarini, hilo neno linaweza kumchanganya fundi. Resorte ingekuwa salama zaidi, na ndiyo iliyozoeleka katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini.

Hapo tumefika kwenye swali ambalo wateja wengi hawalijibu mpaka ubishe hodi mara mbili: msomaji ni wa nchi gani? "Take" kwenye "take the bus" nchini Hispania ni coger, neno la kila siku lisilo na aibu. Nchini Meksiko na Argentina neno hilohilo ni la matusi, la kitandani. Tumia tomar, linaeleweka kote. "Miss" ya kumkosa mtu moyoni ni "echar de menos" Hispania, na extrañar upande wa pili wa Atlantiki, lakini ya kukosa basi ni perder kote. Katika kamusi ya chuo hicho, vifupisho kama Méx. au Arg. vilivyo mbele ya maana vinaonyesha inatumika wapi, na malson. ni onyo kwamba neno linaudhi. Usiviruke. Kwa maneno ya Amerika peke yake ipo pia kamusi ya 2010, Diccionario de americanismos, na huwa naifungua kila ninapokuwa na wasiwasi.

Kuna siku neno la Kiingereza halitafsiriwi kabisa. "Have a good time" ni "pásalo bien", na "time" haionekani popote. Usilitafutie nafasi.

Na jedwali lisilo na sentensi likija tena, usikisie. Mimi sasa humwandikia mteja maswali mafupi yenye majibu mawili: "Save, mstari wa 14: kuhifadhi au kuweka akiba? Key, mstari wa 30: ufunguo wa mlango au kitufe cha kibodi?" Llave au tecla itategemea jibu lake. Wengi hujibu siku hiyohiyo, na mara nyingi huambatisha picha ya skrini, ambayo ndiyo niliyoihitaji tangu mwanzo.