Usimbebeshe mtumiaji namba kichwani
Unayetengeneza programu au menyu za simu: kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache sana. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 alitaja saba hivi. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001 akashusha hadi karibu vinne. Sasa tazama tokeni ya LUKU, ile namba ya kuingiza umeme kwenye mita: tarakimu 20. Ukiiandika mfululizo, mtu anapotea katikati akiwa mbele ya mita, tena gizani. Igawe nne nne: macho yanashika fungu moja, vidole vinabonyeza, macho yanarudi kuchukua jingine. Kwenye malipo, ukurasa wa kuthibitisha uonyeshe tena jina, kiasi na namba. Menyu ya nyota na reli (ile ya kupiga * na #) inalegalega hapo ikiwa unaulizwa PIN tu, huku umeshasahau uliandika elfu kumi au laki.