Una shahada ya sayansi? Hivi ndivyo unavyoweza kuwa wakili wa hataza Uingereza

Uingereza mtu anaweza kuwa wakili wa hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) bila kusoma shahada ya sheria. Anachohitaji ni shahada ya sayansi au uhandisi, nafasi ya uanagenzi, kisha mitihani, na mitihani yenyewe ni migumu. Mpangilio ninaoutoa hapa ndio ningempa mdogo wangu, ndiyo maana kuomba kazi hakuji kwanza.

Hatua ya 1: Andika dai moja

Moyo wa hataza ni madai, yaani sentensi zinazotaja mipaka ya kile mvumbuzi anachokimiliki. Jaribu kuandika moja kabla hujatuma barua popote.

Tuseme umebuni mbuzi ya kukunia nazi ambayo kichwa chake hutoka ili kioshwe vizuri. Mgeni wa kazi hii huandika hivi: "Mbuzi ya mbao yenye ulimi wa chuma uliofungwa kwa skrubu mbili, ambazo zikifunguliwa ulimi hutoka." Maelezo ni sahihi, ila hayamlindi mtu. Mshindani atatengeneza ya plastiki, au ataweka kibano mahali pa skrubu, na hutakuwa na la kumfanya.

Andika upya: "Kifaa cha kukunia nazi, chenye sehemu ya kukalia na kichwa chenye meno, ambapo kichwa hicho kimeshikizwa kwenye sehemu ya kukalia kwa namna inayokiruhusu kuchomolewa na kurudishwa." Mbao, chuma na skrubu vyote vimeondoka. Sasa futa kila kitu kuanzia "ambapo". Dai limekuwa pana mno: linaigusa kila mbuzi iliyowahi kukaliwa Pwani tangu enzi za bibi zetu, na mkaguzi wa ofisi ya hataza atalikataa kwa kukosa upya. Kuanzia hapo unavuta huku na huku. Likiwa finyu, mshindani anapenya. Likiwa pana, linaanguka.

Kisha ingia Espacenet, hifadhi ya nyaraka za hataza ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo ni bure. Tafuta kama kuna aliyekutangulia na kichwa kinachochomoka. Ukimpata, rudi kwenye sentensi yako utafute kilicho chako peke yako.

Ukiona umekesha ukibishana na nafsi yako kati ya "kimefungwa" na "kimeshikizwa", kazi hii inakufaa. Ukichoka baada ya nusu saa, baki maabara, wala si aibu. Kwenye usaili mara nyingi utapewa kitu kidogo, kama kibanio cha karatasi, ukieleze kwa namna hii hii.

Hatua ya 2: Tafuta uanagenzi

Kampuni za kazi hii zipo nyingi London, na nyingine zipo miji kama Cambridge, Bristol na Manchester. Viwanda vikubwa pia huwa na mawakili wao wa ndani. Kwa umeme, kompyuta na mitambo, shahada ya kwanza yenye alama nzuri mara nyingi hutosha. Kwa baiolojia na dawa, wengi unaoshindana nao wana uzamivu. Suala la viza uliza mapema. Uliza pia nani atakayekusahihisha rasimu zako, kwa sababu mkufunzi mkali mwenye muda na wewe ana faida kuliko jina kubwa mlangoni.

Hatua ya 3: Mitihani ya Uingereza

Ngazi ya msingi ina karatasi tano, FC1 hadi FC5. Zinahusu sheria za hataza za Uingereza na za kimataifa, sheria ya jumla ya Uingereza, miundo ya bidhaa na hakimiliki, na alama za biashara. Wengi huziruka kwa kusoma cheti, kwa mfano pale chuo kikuu cha Queen Mary, London.

Ngazi ya mwisho ni FD1 hadi FD4, na hufanywa Oktoba. FD2 ni kuandika hataza nzima kutokana na barua ya mteja. FD4 ndiyo inayoogopwa: unapewa hataza, bidhaa ya mshindani na nyaraka za zamani, kisha useme kama hataza imekiukwa na kama ni halali. Anza kuifanyia mazoezi mapema, kwa karatasi za miaka iliyopita, saa ikiwa mezani.

Ukifaulu, na ukiwa na miaka miwili ya kazi chini ya wakili aliyesajiliwa, unaomba usajili kwa IPReg, chombo kinachosimamia taaluma hii.

Hatua ya 4: Ulaya, na uraia wako

Waajiri wengi watataka ufanye pia mtihani wa Ulaya, EQE. Brexit haikuugusa, maana Ofisi ya Hataza ya Ulaya si chombo cha Umoja wa Ulaya. Ila Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kifungu cha 134, unadai kwamba wakili awe raia wa nchi mwanachama wa mkataba huo. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anaweza kufaulu mtihani na bado asiingizwe kwenye orodha ya mawakili wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Rais wa ofisi hiyo ana mamlaka ya kuondoa sharti hilo katika hali maalumu, kwa hiyo lizungumze na mwajiri kabla hujasaini mkataba unaofunga mshahara wako na usajili wa Ulaya.