SOMO: Kulinganisha upepo wa modeli na vipimo vya mnara

Wadau habari zenu. Leo tunalinganisha upepo uliokokotolewa na modeli ya hali ya hewa (programu ya kompyuta) na ule uliopimwa na vipimo vilivyofungwa kwenye mnara. Mtu akichora grafu mara ya kwanza mistari ikikataa kukaa pamoja anakimbilia kusema modeli ni ya hovyo, kumbe mara nyingi modeli haijafika hata kizimbani, analinganisha saa tofauti, sehemu tofauti na kimo tofauti. Twende taratibu.

1. Saa. Hapa ndo penye balaa. ERA5 (kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyojengwa kwa modeli) na WRF (modeli unayoiendesha mwenyewe kwa eneo lako) zote zinaandika UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa 3. Kwahiyo 06:00 kwenye faili sio saa kumi na mbili alfajiri, ni saa tatu asubuhi hapa Dar, na loga (kifaa cha mnarani kinachorekodi vipimo) nayo fundi anaweza kuwa kaiseti kwa saa ya ukutani. Geuza zote ziwe UTC halafu hakiki kwa kitu unachokijua: upepo wa baharini unapanda mchana, ukiona modeli inawahi kupanda masaa 3 kila siku kabla ya mnara basi jibu unalo. Pia loga inaandika wastani wa dakika 10 wakati ERA5 ni ya saa kamili, chukua wastani wa mnara unaozunguka hiyo saa.

2. Sehemu. Gridi ya ERA5, yaani viboksi ambavyo modeli inagawa ramani, ni kama km 31 kila kiboksi. Mnara wako uko Kigamboni, kiboksi kilicho karibu nao kinaweza kuwa nusu maji, na juu ya maji upepo haukwaruzwi na kitu. Angalia ramani ya nchi kavu na bahari ndani ya modeli, ikibidi chukua kiboksi cha bara.

3. Kimo. Kwenye faili la WRF jumlisha PH na PHB (sehemu mbili za jiopotensho), gawa kwa 9.81 (mvutano wa dunia) upate kimo, toa HGT (kimo cha ardhi), halafu chukua wastani wa ngazi mbili jirani maana upepo umehifadhiwa katikati ya tabaka. Kupata mita 60 tumia logi (logarithm) ya kimo, usipige mstari ulionyooka.

Na ile alfa ya 1/7 (kipeo cha kupandisha upepo: kasi ya juu = kasi ya chini × (kimo cha juu ÷ kimo cha chini)^alfa) msiitumie kama chumvi, kila chungu mnatia. Upepo wa 5 m/s kwenye mita 10, kwa 1/7 unapata karibu 7 kwenye mita 100, ila usiku hewa ikitulia alfa ikafika 0.3 unapata karibu 10, na kwa vile nguvu ya upepo inaenda na kasi mara tatu yake yenyewe (v×v×v), hiyo tofauti ni karibu mara 3 ya nguvu! Ndo maana mchana na usiku chora mbali mbali, mchana jua linavuruga hewa profaili (mstari wa kasi kadri kimo kinavyopanda) inakaa wima, usiku inalala.

4. Mnara nao sio malaika. Kipimo kikiwa mkono wa kaskazini, msimu wa kusi kinakaa kivulini mwa mnara kinasoma kidogo. Viwepo viwili kila kimo, tumia cha upande upepo unakotokea.

5. Hapo sasa piga tofauti ya wastani na RMSE (kipimo cha ukubwa wa makosa: kipeo cha pili cha makosa, wastani, halafu kipeuo), kwa kila kimo, kusi peke yake na kaskazi peke yake.

MASWALI

– Mkuu nimepiga wastani wa mwelekeo napata 180 na huku ni kaskazi, shida nini?
Umejumlisha digrii ndugu yangu. 350 na 10 ukigawa kwa 2 unapata 180, upepo umeugeuza. Piga wastani wa u na v (vipande vya upepo vya mashariki-magharibi na kaskazini-kusini) kwanza, mwelekeo baadae.

– Mnara wangu una kipimo kimoja tu, mita 10, unatosha?
Kukagua modeli kwenye mita 10 sawa. Profaili hapana, angalau vimo viwili, vitatu ndo raha.

– Kaka nikishusha gridi ya WRF mpaka km 1 si mambo yanaisha?
Upepo wa pwani utauona vizuri zaidi, ila kama ramani ya ardhi ni ya zamani, pale Mbagala penye mabati matupu modeli inaweza ikawa bado inajua ni kichaka. Badilisha ramani kwanza.