Kuchuja tui la nazi kwa kifumbu

Katika mwambao wa Lindi na Mikindani, ambako mboga nyingi huungwa kwa nazi, bado inafaa kuwa jikoni na kifumbu, yaani kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui, kwa kuwa chujio la plastiki la dukani, pamoja na urahisi wake wote, mara nyingi hupitisha chicha laini inayokwaruza ulimi. Ukishakuna nazi kwa mbuzi, mimina maji ya uvuguvugu kidogo tu, yale ambayo mkono unayastahimili, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na maji baridi huyaacha yamenata kwenye chicha. Fikicha kwa vidole mpaka maji yawe meupe na mazito, kisha jaza kifumbu kiasi, bila kukishindilia, ukikamue kwa mikono miwili. Asiye na kifumbu atumie kitambaa safi cha pamba. Tui hilo zito liweke kando. Rudia kwa maji mengi zaidi upate tui jepesi, ambalo ndilo la kuchemshia kisamvu. Lile zito litiwe mwishoni, kwa moto mdogo, huku ukikoroga mfululizo ili lisikatike.